Nati ya Tano

Mama Shamim,

Nimepanda boda nikatafute basi la Mbale. Mama anazikwa leo baada ya alasiri, na mwanawe wa kiume ni mimi peke yangu. Nani mwingine atashuka kaburini kumpokea?

Ulipokuwa sokoni tulikuta tairi la nyuma la gari lina pancha. Nati nne zilitoka. Ya tano ina kutu, na mdogo wako Shakul akaivamia kwa spana iliyoizidi ukubwa. “Shemeji, ni nguvu tu!” Kona zote zikalika, sasa spana inateleza. Nilimfokea hadi akalia.

~~Asiguse tena gari langu.~~

Mwambie ajaribu tena, taratibu. Nimeimwagia dizeli, aiache inywe. Ashushe jeki, kisha agongee juu ya nati soketi ya spana iliyo ndogo kidogo mpaka ibane. Akaze kidogo kwanza, ndipo alegeze. Ikitoka, nifuateni na watoto.

Chai iko kwenye chupa. Mpe Shakul, hajala.

Nisipowahi mazishi, asisikie kuwa ni kwa sababu ya nati. Akiuliza, mwambie basi lilichelewa. Karatasi hii ichome.

Baba Shamim