Maziwa ya Mama Yalipoganda

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kitale tuko salama, na babako amemaliza kupalilia mahindi. Unauliza kama mwaka mzima wa mafunzo kiwandani utachelewesha digrii yako ya kemia. Wangu niliufanya kiwanda cha maziwa Bungoma, nikipima maziwa ya wakulima kwa spiriti; yakiganda, yameanza kuchacha, yanarudishwa. Asubuhi moja mama yangu akaleta mkebe wake. Yakaganda. Laini nzima ya wakulima ikaniangalia.

"Mama, haya siwezi kupokea."

Akajitwika mkebe, akawageukia wenzake: "Si mumeona? Amerudisha yangu. Nani tena atalalamika?"

Jioni tulikula ugali na maziwa hayo, yakiwa yamelala vizuri, yamekuwa mtindi. Bado namshukuru. Nenda, mjukuu. Mwaka wangu huo ndipo mama alipojua nilikuwa nasomea nini.

Kukhu wako