Damu Mpya ya Mama

Baba,

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili. Siku tulipokuzika, sikulitazama kaburi lako. Niliitazama miguu ya Mama. Ule wa kushoto ulikuwa ukiburuza kwenye udongo uliofukuliwa, na niliwaza kitu kimoja tu: akianguka humo, nani atamwinua? Wewe ndiye uliyekuwa ukimtembeza kambini umemshika kiwiko, mkicheka kama wachumba, ili polisi wenzako wasijue kwamba hawezi kusimama bila wewe.

Mama hakuanguka, Baba. Ndiyo habari ninayokuletea.

Kambi tulihama. Sasa tunapanga Nakawa, nyuma ya soko. Ulipoondoka, ugonjwa ulimshambulia mara mbili. Kwanza jicho lilififia, kisha akashindwa hata kushika kijiko. Unakumbuka walivyotuambia ni malaria, kisha ni kulogwa, hadi daktari wa neva alipoutaja kwa jina, MS, ugonjwa unaoharibu neva? Mjomba, kaka yake Mama, alichangisha kanisani kwao Kakamega, Kenya, akampeleka India kwa tiba ya seli.

Nilisoma kuhusu tiba hiyo kila nilichopata maktabani. Wewe ungeielewa upesi kuliko mwalimu wangu. Kinga ya mwili ni kama polisi. Ya Mama iliwageukia raia wake, ikawa inatafuna utando unaofunika neva. Madaktari walichota kwenye damu yake seli shina, zile changa ambazo bado hazijachagua kazi, wakazigandisha. Kisha dawa kali ikawafuta kazi askari wa zamani. Halafu wakamrudishia zile changa, ili aandikishe askari wapya wasio na ugomvi na raia.

"Kufuta kikosi kizima!" ungesema, ukijipiga goti kwa kicheko.

Lakini kikosi cha zamani kikifutwa na kipya hakijakomaa, mji hauna mlinzi. Mama alirudi kipara, amekonda, na hata mafua tu yangeweza kumuua. Daktari alikataza wageni, akakataza kupeana mikono. Mjomba akarudi kazini Kenya. Mlangoni nikabaki mimi. Mimi, Baba, ambaye hata kuinua mkono darasani nashindwa.

Shangazi Akello, dada yako, akafika kutoka Gulu na kuku hai kwapani, anakohoa.

"Shangazi, samahani, huwezi kuingia."

"Nini? Mimi nalala kwa basi na kuku hii, wewe nafungia mimi mulango? Ndugu yangu nakufa, sasa hii ni nyumba ya Wakenya?"

Maneno yote ya maktabani yakanikimbia. Nikasema kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote:

"Shangazi, kwenu mtoto akizaliwa, watu wanaingia lini?"

"Mpaka kitovu naanguka. Kila mutu najua."

"Basi Mama amezaliwa upya. Damu yake ni ya mtoto mchanga. Kitovu bado hakijaanguka."

Akanitazama. Akamtazama kuku.

"Nani nazalisha yeye?"

"Wahindi."

Akacheka hadi kikohozi kikamkaba. Kisha akarudi nyuma mwenyewe, kiganja mdomoni. Alikaa nje chini ya dirisha siku nzima, akipiga soga na Mama kupitia wavu wa mbu, na kila jirani aliyeleta salamu alikutana naye. "Pita huko! Hapa kuna mutoto muchanga!" Sikulazimika kufungua kinywa tena.

Daktari hakuahidi kwamba kilichoharibika kitarudi. Mguu bado unaburuza kidogo. Lakini tangu India hajashambuliwa, na picha ya ubongo haikuonyesha kovu jipya. Jumapili alikaanga chapati mwenyewe. Ya kwanza iliungua, akaila hivyo hivyo, akisema ni tamu. Na mimi, Baba, siku hizi nalala. Nalala kabisa, sisikilizii tena hatua zake.

Pumzika sasa, zamu yako imekwisha. Nakuahidi kwamba ugonjwa ukirudi, nitausema mapema na kwa sauti, hata mbele ya watu nisiowajua.

Leo asubuhi tulikwenda zahanati. Tiba ile ilifuta hata kinga ya chanjo zake za utotoni, kwa hiyo anazianza upya. Tulipanga foleni na kina mama wenye watoto mgongoni. Muuguzi akauliza, "Mtoto wenu yuko wapi?" Mama akajigusa kifua: "Ndiye mimi." Watu wakageuka kututazama. Nikaeleza sababu, benchi zima likisikiliza. Kisha nikakaa kando ya Mama, nikafungua kitabu changu cha biolojia, nikasoma hadi alipoitwa.

Mwanao