Bibi na Ngazi za Umeme, Riyadh

Dada Zuhura,

Kituo cha treni ya chini ya ardhi nilichopita leo hapa Riyadh kimechimbwa palipokuwa soko la kale. Kanieleza bibi mmoja Msaudia, ambaye baba yake aliuza kahawa sokoni humo. Hamjambo wewe na watoto?

Nilimkuta juu ya ngazi za umeme, kamng'ang'ania mfanyakazi wake, Rehema wa Voi, hataki kushuka. Rehema akaninong'oneza kwamba dada yake ameajiriwa upande wa pili wa mji, na hawajaonana tangu waje. Bibi haachwi peke yake, kwa hiyo asipopanda treni, Rehema haendi.

"Yalla, twende, mama," Rehema akambembeleza kwa Kiarabu. "Si ulitaka kupaona kwa baba?"

"Baba aliuza kahawa juu ya ardhi. Hakuwa panya."

Nilicheka, na bibi akacheka kunishinda. Akanipa mkono wa pili, akafumba macho, tukashuka watatu. Chini akatuonyesha nguzo moja: duka lilikuwa juu yake, na jirani yao alikuwa mwizi wa iliki. Kisha akaketi kwenye behewa la familia, akauliza kama huyo dada naye anajua kupika mahamri.

Mimi narudi Jeddah kesho. Nibusie watoto, na wewe upumzike. Bibi na Rehema leo walikwenda kituo kimoja tu, kujaribu. Kwa dada yake Rehema watakwenda Ijumaa ijayo, baada ya alasiri.

Nduguyo,
Salma