Mwamini Watatu, Mstari Mmoja

Mpendwa Nyanya, somo wangu,

Asubuhi hii nimekaa barazani pako, kwenye kiti chako cha kamba ulichokataza watu wasikikalie. Ordinatere, kompyuta yangu, iko magotini na batri imebakia nusu. Usinikemee. Nimekuja kukueleza uongo niliomwambia muganga wa kituo cha afya, kwa sababu chanzo chake ni wewe na mimi, na nina mpaka leo mchana kuurekebisha.

Unakumbuka ile programu ya chanjo ninayoiandikia kituo, yenye watu wa kila nyumba? Bado ninayo. Ile ya shule, ya matokeo ya wanafunzi, bado ninayo. Na ile ya wenye pikipiki wanaobeba vifurushi kwenda Kabambare, nayo haijaisha. Kazi tatu, kichwa kimoja, na kila mwenye yake anadhani niko naye peke yake. Wakati naanza, leo nilikuwa najifunza kitu ambacho jana nilisema nakiweza. Wewe ndiye uliyenigundua, huku unatwanga majani ya sombe.

"Unadanganya watu, somo."

"Sidanganyi, Nyanya. Nitakuwa nimejua kabla ya juma kuisha."

"Haya, ujue mbio basi."

Mvua ikifunga siku mbili, sola haikujaza batri, nikawa naandika programu kwenye kurasa za kaye kwa kalamu, kisha nakusomea kwa sauti. "Kama mtoto ana miezi tisa, aitwe." Nawe hukunyamaza hata mara moja: "Na kama mama yake iko Wamaza kwa mashamba?" Nikaongeza mstari. "Na kama alizaliwa kwa njia, hakuna mwenye anajua siku?" Nikaguna, nikaongeza mwingine. Hukujua kusoma hata herufi moja, lakini programu zangu zote za siku zile zina maswali yako ndani. Na yale masomo niliyokuwa nikiyapakua kwenye simu, nikipanda mlimani kutafuta rezo ya mtandao! Yule mwalimu wa kwenye video alisema Kifaransa cha haraka mpaka ukauliza kama askari wanamfukuza. Mpaka leo nikimsikia nacheka peke yangu.

Jina lako ulinipa siku niliyozaliwa, na tangu hapo Baba akawa ananiita "Mama", maana ni jina la mama yake. Wee, nililitumia vibaya jina lile! Siku nilipounguza maharagi kwa ajili ya programu ya shule, Baba alisimama mlangoni, mdomo wazi, hasira imemjaa. Halafu akasema kwa adabu, "Mama, maharagi imeungua," akaondoka. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha kaka yangu Amisi akapata binti, naye akampa jina hilohilo. Tukawa Mwamini watatu kwenye kiwanja kimoja.

Hapo ndipo nilipokosea. Muganga alilalamika kwamba watu wanaandikwa mara mbili mbili, nami nikajiona fundi. Nikaiambia programu: jina moja, nyumba moja, ni mtu mmoja. Binti gani wa mji huu wa Kasongo anaandika hivyo, Nyanya? Hapa nyumba gani haina mzee na mjukuu wenye jina moja wanaokula sahani moja? Nilinakili kwa yule mwalimu anayefukuzwa. Labda kwao hawana desturi hiyo.

Karatasi ya mwito ikaja kwa jina lako. Ukavaa kitenge chako kizuri, ukakataa nisikusindikize, nikakufuata nyuma. Muganga akaita, "Mwamini, miezi tisa, chanjo ya surua!" Ukasimama katikati ya wamama na watoto wao.

"Ni mimi huyu. Unibebe basi, magoti inaniuma."

Kituo kizima kilicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Muganga mwenyewe alijifuta machozi, kisha akamtuma mtu kwenda kumleta Mwamini mdogo, akamchoma sindano na kuandika kwenye kadi yake kwa mkono.

Nyumbani nilikuomba msamaha. Nikakueleza kwamba nitajifunza jinsi ya kumpa kila mtu namba yake, tusichanganyike tena. Ulinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Juu ya nini utengeneze? Mashini yako inaona tuko mutu moja. Nilikupatia jina juu ya ile, tuwe moja."

Nilicheka. Sikujua kama nitalibeba neno lile mpaka leo.

Ulipotutoka, muganga alifanya kazi yake inavyotakiwa. Alifungua orodha, akaandika kwamba Mwamini amefariki. Programu ikaufunga mstari wa jina hilo, na sisi wote watatu ndani yake. Kwa ordinatere hii mimi ni marehemu. Nilipoona nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Siku ya dozi ya pili ya Mwamini mdogo ikafika, hakuitwa. Muganga akaniuliza kuna nini. Nikamjibu kwamba sehemu ya kuwatenga wenye jina moja bado najifunza, kwamba shule inanisukuma, kwamba wenye pikipiki wananisukuma.

Uongo, Nyanya. Nilishajifunza zamani. Nyumba zote za mtaa nimezitengeneza, kila babu nimemtenga na mjukuu wake. Nimebakiza ya kwetu tu, kwa sababu ili niitengeneze lazima niandike kwa mkono wangu nani kati yetu hayuko.

Nimekukosa. Juma lililopita nilijifunza kitu kipya kabisa, kuifanya programu ifanye kazi kwenye simu bila rezo, nikatoka mbio kuja kukwambia. Nilifika jikoni nikasimama pale, nimeshika mlango. Sasa nikisoma kaye kwa sauti hakuna anayeniuliza chochote, na makosa yangu nayaona yakishaharibu.

Jana wifi yangu, mke wa Amisi, alikuja na mtoto mgongoni. Amesikia surua imeingia upande wa Wamaza. Hakugomba. Aliuliza tu, "Wifi, watoto wa wengine wanaitwa. Juu ya nini wa kwetu hawamwite?" Nikaona haya mpaka nikashindwa kumtazama. Chanjo ni Jumatatu, na muganga anataka orodha leo mchana.

Basi nimefungua mstari wetu mbele yako. Programu inauliza mtu mmoja mmoja. Mwamini binti wa Amisi: hai. Jina lake limeingia kwenye orodha ya Jumatatu papo hapo. Mwamini wa pili, mimi: hai. Kisha imefika kwako, ikangoja. Nimekaa nayo kitambo, batri inashuka. Nimeandika, na orodha nimeituma.

Nyanya, umekufa. Tangu siku ile sijalitamka neno hili, wala kwa Baba wala kwa Mungu kwenye sala. Sasa nimeliandika, na mtoto ataitwa.

Pumzika, mama wa baba yangu. Mungu akupokee kwa upole.

Ni mimi, somo wako,
niliye hai, hapa Kasongo.