Mama Mdogo wa Siku Moja

3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mgongo wa mama unamsumbua kidogo kwa kuinama kwenye beseni. Na wewe, unakula au bado ni mkate na chai?

Nimemaliza mtihani wa mwisho, sasa namsaidia mama kufua. Jana jirani yetu, fundi cherehani, alinifungulia ukurasa wa maabara yenu kwenye simu yake. Nikamsomea mama: shahada ya kwanza ya kemia, kisha uzamili, sasa uzamivu wa uhandisi wa tiba. Na kwamba unatengeneza utando kutokana na maganda ya kaa wa baharini, wa kufunika vidonda sugu ili ngozi iote upya.

"Maganda ya kaa!" mama akasema. "Nimemsomesha kwa kufua nguo za watu, naye kaenda kuchakura takataka!" Akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, soma."

Nikamwambia chaji imeisha. Sentensi iliyofuata ilisema ulichagua kazi hii baada ya mama yako kufariki kwa kidonda cha mguu.

Kaka, kile kidonda kilipona. Nani kakosea?

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera ya kumaliza shule. Mimi mzima, ila usingizi haba.

Hakuna aliyekosea. Niliandika mwenyewe nilipoomba ufadhili. Insha ya kwanza ilisema kweli: mama aliugua miezi tisa, akafua akiwa amekalia ndoo, akapona. Wakanikataa. Mwenzangu mmoja akaniambia, "Kidonda kimepona, sasa unatafiti nini?" Nikabadili sentensi moja. Wakanipokea. Sasa profesa huisema kila mkutano. Nikiifuta, wataanza kujiuliza kama na vipimo vyangu nimevitunga.

Mahafali ni katikati ya Juni, na ninyi lazima mje. Ila nakuomba, mama aje kama mama mdogo. Siku moja tu. Mwambie wewe. Na usiniulize kwenye simu, chumba nakaa na wenzangu.

Kaka yako

9 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Naiandika kwa kuwa wewe ni mkubwa, si kwa kuwa nimependa. Tu wazima.

Unanijua, hata kuomba chumvi kwa jirani naona haya. Nilishindwa siku tisa. Mwishowe nikamsomea barua yako yote huku nimempa mgongo. Alikuwa anapiga pasi.

"Kaandika nimekufa mwezi gani?"

"Hakusema, mama."

Akakunja shati la mteja, akalikunjua, akalikunja tena. "Mwambie nitakuja. Asome amalize. Ila anieleze huyo marehemu alikuwaje, nisije nikamsema vibaya."

Yeye amekubali. Mimi sijakubali.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Tiketi zimo humu ndani. Mwambie mama asijisumbue: asalimie, atabasamu, mengine nitayasema mimi. Na avae soksi, kovu lisionekane.

Kaka yako

30 Juni

Kaka,

Tulifika salama. Mgongo wa mama ni uleule.

Ulipoitwa kwenye picha, profesa wako alikuja akamshika mama mikono yote miwili, akampa pole ya kufiwa na dada yake. Niliangalia viatu vyangu. Nikamsikia mama akiuliza, "Kwani kijana wetu husemaje juu yake?"

Profesa akavuta kiti. Akaeleza karibu nusu saa. Kwamba alikuamsha alfajiri usome kabla hajaenda kuchota maji ya kufulia. Kwamba uvumilivu wa maabara ulijifunza kwenye vidole vyake vilivyochubuliwa na sabuni. Kwamba haipiti siku hujamkumbuka. Mama alisikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi, akitaka zaidi.

Hakulia. Ndani ya basi akasema, "Alipendwa yule." Baadaye sana akasema, "Mimi hajaniambia hata moja."

Tangu turudi ameniomba mara mbili nimrudie maneno ya profesa, na nimemrudia. Mara ya tatu nilikataa. Nikamwambia hayo atayasikia kwako mwenyewe, utapiga. Sijui kwa nini niliahidi kwa niaba yako.

Sasa anapigia pasi karibu na dirisha, pale ambapo mtandao unashika. Leo ni siku ya tisa tangu nimwahidi.

Mdogo wako