Clément, si Clémence

Mjukuu wangu Aimé,

Hapa nyumbani tuko wazima. Mama yako amepona kikohozi, na kuku wako mweupe ameatamia tena. Umeniuliza kwa nini Mado akinipigia simu huniita Justin, jina la kiume, nami namsahihisha kila mara.

Ilianzia Likasi, miaka ile majirani walipoacha kusalimiana. Sisi wa asili ya Kasai tulikuwa tunafukuzwa Katanga, tukingoja treni ya kuondoka. Mado, Mkatanga, rafiki yangu tangu utotoni, alikuwa hanisemeshi tena.

Alasiri moja ukumbi wa parokia ulionyesha filamu ya kuchekesha ya makauboi. Tajiri mmoja mwenye kiburi aliitwa Clément, lakini watu wote walimwita Clémence, kama mwanamke, naye kila mara alifoka: "Clément!" Mji mzima ulimwogopa, ila jina lake lilimshinda. Tulicheka, sisi na Wakatanga, kila upande kivyake. Akaitwa Clémence tena, akafungua mdomo, na umeme wa bwawa la Koni ukakatika.

Gizani sauti ya Mado ikapasuka, ikijibu badala ya tajiri: "Clément, weye! Iko mwanaume!"

Ukumbi wote ukaangua kicheko kimoja. Nikaelewa kwamba mzaha wa kurudiwa huwachekesha wale waliokuwa pamoja tangu mwanzo.

Siku ya safari Mado alikuja stesheni. Treni ilipoanza kwenda akapaza sauti: "Justin! Enda muzuri!"

"Justine!" nikamjibu, nikicheka huku nalia.

Siku atakapolitaja jina langu sawasawa, Aimé, nitajua amenikasirikia.

Kaku wako anayekuwaza,
Justine