Feni ya Sebuleni na Medali za Kamanda: Kikao cha 17 cha Kamati ya Vipuri, Chombo Lastavitsa

TAREHE: Siku ya 311 ya safari ya kwenda Mirihi, saa 4:00 asubuhi (saa za jiji la Sofia)
MAHALI: Sebule ya chombo, mlango ukiwa umefungwa kwa amri ya Mwenyekiti

WALIOHUDHURIA
1. Kamanda Radoslav Genchev – Mwenyekiti
2. Bw. Spiridon Kalchev – Fundi wa chombo
3. Bi. Zornitsa Mandova – Mtaalamu wa mimea
4. Dkt. Neda Tsankova – Tabibu, Katibu

WASIOHUDHURIA: Hakuna. Hapakuwa na pa kwenda.

KUMB. NA. 1/17: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:05 na kuwashukuru wajumbe kwa kuitikia wito. Bw. Kalchev alisema shukrani ziende kwa aliyefunga mlango.

KUMB. NA. 2/17: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Katibu alikumbusha kwamba mapanga ya feni ya sebuleni yalivunjika siku ya 296. Mwenyekiti aliomba mchoro ulioidhinishwa kutoka Duniani ili mashine ya chomboni, inayochapa vipuri kwa plastiki, ichape mapya. Ujumbe huchukua dakika kumi na moja kufika. Ofisi ya vipuri ilijibu baada ya siku tisa, ikitaka kwanza fomu yenye saini ya mkaguzi wa ubora wa chombo. Mkaguzi huyo ni Mwenyekiti. Alieleza kwamba hawezi kusaini kabla ya kuyaona mapanga, na mapanga hayawezi kuchapwa kabla hajasaini. Bi. Mandova aliomba arudie. Alirudia.

KUMB. NA. 3/17: SHAURI LA MEDALI
Mwenyekiti alieleza kwa masikitiko kwamba siku ya 308 Bw. Kalchev alichukua medali 31 kati ya 40 za plastiki zilizokuwa kabatini, akazisaga, akaziyeyusha na kuchapa mapanga ya feni bila kibali. Medali hizo ziliandaliwa kwa ajili ya viongozi watakaokipokea chombo kikirudi. Zote zilikuwa na sura ya Mwenyekiti.

Bw. Kalchev alikiri. Alisema plastiki ngumu yote ya akiba iliishia kwenye medali, na Bi. Mandova, anayelala humo sebuleni, alikuwa akiamka kila siku kichwa kinampasuka. "Ningesaga sahani, bai Rado, lakini sahani zina kazi."

Mwenyekiti alimtaka asimwite bai, yaani kaka mkubwa, hapa si kijijini. Bw. Kalchev alijibu, "Sawa, bai kamanda."

Bi. Mandova alisema amelala vizuri siku tatu mfululizo. "Uso wako umetufaa, kamanda. Sikutegemea." Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yasiandikwe.

KUMB. NA. 4/17: AGIZO KUTOKA DUNIANI
Mwenyekiti alisoma ujumbe mpya wa ofisi ya vipuri: mapanga yasiyo na fomu yasitumike. Alizima feni mwenyewe saa 4:31.

Katibu, akiwa tabibu, alieleza kwamba mahali pasipo na uzito wala feni, pumzi anayotoa mtu haiendi mbali. Humzunguka usoni, naye huivuta tena. Alishauri wajumbe wasogeesogee na wapunguze maneno. Mwenyekiti alijifunga mkanda kitini na kuanza kusoma barua ya onyo kwa Bw. Kalchev, kurasa sita.

Saa 4:52 alisoma aya ya tatu kwa mara ya pili. Saa 4:58 aliisoma tena. Katibu alishauri feni iwashwe. Mwenyekiti alimwambia asubiri zamu yake. Saa 5:03 alimwita Bi. Mandova kwa jina la mke wake, na jasho lilikuwa limemganda usoni kama jeli. Saa 5:06 alinyamaza katikati ya neno "nidhamu". Mapigo ya moyo yalikuwa 124.

Bi. Mandova alisema, "Spiro, huyu anatutoka."

Bw. Kalchev aliwasha feni. Hakuna kura iliyopigwa. Alimfungua Mwenyekiti mkanda, akamsogeza kwenye upepo na kumshika kichwa kwa mikono miwili, kama anayemwosha mtoto, kwa dakika kumi na mbili. Katika muda huo hakutania hata mara moja. Katibu anaandika hilo kwa kuwa halijawahi kutokea.

KUMB. NA. 5/17: MENGINEYO
Mwenyekiti alipozinduka aliuliza nani amewasha feni.

"Wewe, kamanda," alisema Bw. Kalchev. "Ulisema fomu baadaye, watu wapumue kwanza."

Mwenyekiti alisema anakumbuka. Aliomba iandikwe kwamba uamuzi huo ulikuwa mgumu. Kisha aliyakagua mapanga, akayaona yanafaa, akasaini fomu. Barua ya onyo iliondolewa kwenye ajenda kwa sababu kurasa zake zilikuwa zimetawanyika darini na hakuna mjumbe aliyejitolea kuzikusanya.

KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 5:40. Katibu alimuuliza Mwenyekiti kama angependa kuzisoma kumbukumbu hizi kabla ya kusaini. Alijibu kwamba hakuna haja, alikuwepo.

(Saini) R. Genchev, Mwenyekiti
(Saini) Dkt. N. Tsankova, Katibu